Aliyemenya Chungwa la Jemadari

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake marehemu, wasanii mliofanya naye kazi, na ninyi wazee mliokuja na sare zenu za jeshi mkasimama pale getini tangu asubuhi, familia inawashukuru kwa kufika, na kabla historia hii haijasomwa familia ina maombi mawili, la kwanza, machungwa yaliyowekwa juu ya jeneza, pamoja na yale yaliyopangwa chini ya picha, yaondolewe, vijana wa kamati tafadhali yatieni kwenye kapu, hakuna aliyekosea kuyaleta, tunajua yameletwa kwa mapenzi, na sababu ya kuyaondoa mtaisikia humu humu. La pili, mtuvumilie, kwa maana mwenyekiti wa kamati ya mazishi ameshauri historia iwe fupi na iachane na mambo ya zamani, naye tunamheshimu sana, lakini marehemu mwenyewe aliagiza isomwe hivi, na aliyelala hapa mbele hana haraka.

Anayesoma ni mpwa wa marehemu, binti wa dada yake wa pekee, na dada mwenyewe ndiye yule mama aliyeketi mstari wa mbele, mwenye mtandio wa kijivu, ambaye kwa miaka kumi na miwili na ushee hakutia guu nyumbani kwa marehemu, jambo ambalo wengi wenu mnalijua, na baadhi yenu mmelinong'ona hata leo asubuhi kwenye foleni ya chai, sasa msinong'one tena, litasemwa kwa kipaza sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 22 Agosti 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya tatu, chumba cha mwisho karibu na tangi la maji, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba aliyekuwa mlinzi wa kivuko cha reli na mama aliyekuwa akifua nguo za watu, alichelewa kutembea hadi watu wakaanza kumwonea huruma mama yake, na alipoanza hakukubali kupiga hatua bila kushika kidole cha dada yake, kidole kimoja tu, ukimpa mkono mzima anaukataa na kulia, ndiyo maana nyumbani aliitwa Kidole, na dada yake, aliyekuwa na miaka saba tu, akazunguka naye kila mahali, bombani, dukani, hata kwenye michezo ya wasichana wenzake, akiwa na mtoto mzima ananing'inia mkononi mwake kama ufunguo.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari hadi 1974, na chuo cha ualimu kuanzia 1976 hadi 1978, na kipaji chake kilijulikana mapema, kwani akiwa darasa la tano alimwigiza mwalimu mkuu, namna anavyokohoa kabla ya kumwita mtu jina, akachapwa, kisha wakati wa mapumziko akaigiza namna alivyochapwa, akachapwa tena, na wanafunzi wenzake walioko hapa wanasema safari ya pili mwalimu mkuu alikuwa anachapa huku amegeuza uso pembeni ili asionekane anacheka.

Hapa historia ya marehemu inasimama kidogo, kwa agizo lake, ili isomwe historia ya mtu mwingine ambayo haijawahi kusomwa mbele ya watu, nayo ni ya shemeji yake, mume wa dada yake, baba mzazi wa huyu anayewasomea. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1948, mtoto wa kwanza wa wakulima, akasoma hadi darasa la nane, akaajiriwa mwaka 1967 kwenye karakana ya reli na kupanda hadi kuwa fundi wa breki za mabehewa, mtu wa maneno machache, mrefu, mwenye mazoea ya kunusa mikono yake kabla ya kula hata akishaiosha, na pale pale karakana ndipo alipompata mke, kwa sababu dada yake marehemu alikuwa mpishi wa kantini, wakafunga ndoa tarehe 30 Novemba 1974, na marehemu, wakati huo kijana mwembamba aliyemaliza sekondari, akacheza ngoma mpaka soli ya kiatu ikabanduka.

Tarehe 9 Juni 1977 kulikuwa na mkutano wa wafanyakazi, na katika mkutano huo fundi wa breki alisimama akauliza kwa nini mabehewa ya abiria yanatembea na breki zilizokwisha, na vipuri vilivyoagizwa vimekwenda wapi, ni hilo tu, akaketi. Jumanne iliyofuata, tarehe 14 Juni, wakati wa chakula cha mchana, waliingia wanaume wawili kwenye kantini, wamevaa nadhifu, wakamwita kwa heshima, akainuka, akamwambia mke wake aliyekuwa nyuma ya kaunta, "Nifunikie chakula, narudi sasa hivi," na mke wake akachukua sahani nyingine akamfunikia. Watoto, mmoja, hakumwona, maana alizaliwa Septemba mwaka huo. Ugonjwa, hakuwa na ugonjwa wowote. Kifo, tarehe hatuna, mahali hatuna, na kwa hiyo historia yake inaishia kwenye meza ya kantini, nasi tunarudi kwa marehemu.

Kwa watoto mliozaliwa juzi, mnaomjua Jemadari kutoka kwenye televisheni peke yake, ni vizuri mkumbuke kwamba alikuwapo Jemadari wa kweli, aliyetawala nchi miaka kumi na mitatu, aliyejenga barabara mnazopita, hilo hatumnyimi, na aliyechukua watu kwenye meza za chakula, nalo hilo asinyimwe, kisha akapinduliwa, akaishi ugenini kwa raha zake, akafa mzee kitandani mwake bila mtu yeyote kumuuliza swali.

Marehemu alianza kazi ya ualimu Januari 1979, akafundisha historia katika shule ya sekondari ya mjini kwa miaka ishirini na tisa, tarehe 17 Desemba 1983 akafunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, mjane wake aliye hapa, wakajaliwa watoto watatu, mmoja fundi umeme, wa pili karani wa mahakama, wa tatu anasema yeye ni mfanyabiashara na familia bado inangoja kuiona hiyo biashara, na juu ya watoto hao watatu aliongeza wa nne, mtoto wa dada yake, aliyemlipia shule, aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na aliyemnyamazisha siku alipotoka shuleni analia kwa sababu kwenye fomu palikuwa na sehemu ya kuandika baba yu hai au amefariki, na hapakuwa na sehemu ya tatu.

Mwaka 2008 kituo kimoja cha televisheni kilianza kutafuta mtu wa kuigiza maisha ya Jemadari, tangu akiwa askari wa kawaida hadi siku alipoondolewa madarakani, na mwongozaji wa tamthilia hiyo, mama tunayemwona kule nyuma, na tunamshukuru kwa kuja, alikuwa amekwishajaribu waigizaji wa mji mzima akawachoka, ndipo alipoalikwa kwenye mashindano ya maigizo ya shule, na siku hiyo mwanafunzi aliyetakiwa kuwa mfalme akashikwa na homa, mwalimu wake wa historia akajifunga shuka na kuingia jukwaani mwenyewe. Alikuwa na paji pana, shingo fupi na macho mazito, na aliposhuka jukwaani yule mama alimshika mkono akamwambia, "Mwalimu, sura unayo, sauti unayo, tumbo tutakushonea."

Hakukubali siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa dada yake, akamkuta jikoni anachambua mchele, akamweleza yote, akamwambia, "Dada, mimi nikikataa watampata mwingine, na huyo mwingine atamfanya shujaa, niache nimvae mimi, watu wamwone alivyokuwa," na dada yake akaendelea kuchambua mchele hadi sinia likaisha, kisha akamsimulia jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu yeyote, hata mtoto wake.

Alimsimulia kwamba wiki mbili baada ya mumewe kuchukuliwa alikwenda kwa Jemadari, kwani Jemadari alikuwa na desturi ya kuwasikiliza wananchi Jumamosi kwenye bustani ya makazi yake, watu wanapanga mstari kwenye majani, na zamu yake ilipofika alimkuta Jemadari ameketi kwenye kiti cha kawaida, amevaa shati jeupe, anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka moja kwa moja bila kukatika, na hakuacha kumenya alipokuwa akisikiliza, alisikiliza vizuri sana, akauliza mimba ni ya miezi mingapi, akaambiwa sita, akabandua kipande kimoja cha chungwa, akampa, akasema, "Kula, mtoto apate nguvu, nenda nyumbani mama, mumeo atarudi." Dada hakuweza kukila, wala hakuweza kukitupa, maafisa walikuwa wanatazama, akakifumba kiganjani, akatembea nacho hadi kituo cha basi, akapanda nacho, akafika nacho nyumbani, mkono umeganda kwa utamu wake, na tangu siku hiyo chungwa halijaingia katika nyumba yake, hata mpwa huyu wa marehemu alikua akidhani machungwa ni dawa ya watu wengine, mpaka alipoonjeshwa na mjomba wake akiwa na miaka tisa, akaambiwa akanawe midomo kabla ya kurudi nyumbani.

Ndipo marehemu akamwahidi dada yake kwamba chungwa hilo ataliingiza kwenye tamthilia, ili nchi nzima ione mtu anavyoweza kukudanganya huku anakulisha, na dada yake akakubali, akamtazama akamwambia, "Basi nenda ukamwonyeshe." Hiyo ndiyo ahadi, na yote yanayofuata yametoka hapo.

Marehemu alijiandaa kwa udi na uvumba, alinunua machungwa akamenya mezani kila jioni hadi mkewe akachoka kuokota maganda, akajifunza kulishusha ganda bila kukatika, akajifunza kusikiliza namna ile, kichwa kimeinama kidogo, kisu kinazunguka taratibu, na katika wiki ya kwanza ya kazi, kwenye tukio ambalo Jemadari anawapokea watoto waliofiwa na wazazi vitani, mwongozaji alipomwambia afanye chochote anachoona kinafaa, akatoa chungwa mfukoni, akalimenya mbele ya wale watoto, akawagawia kipande kipande huku anawaambia kwamba wazazi wao hawakufa bure. Alidhani watazamaji wataona anachokiona yeye, kumbe yeye alikuwa anamwona dada yake mbele ya lile chungwa, na watazamaji hawakuwa na dada huyo, wao waliona mtu mkubwa mwenye huruma, anayewalisha yatima kwa mkono wake mwenyewe.

Mwongozaji aliruka kwa furaha, waandishi wakaagizwa chungwa liwe katika kila sehemu, na tamthilia ilipoanza kurushwa Mei 2009 watu walilipenda chungwa kuliko walivyolipenda gwaride, watoto wakashindana shuleni kumenya bila kukata ganda, wauza matunda wakaandika kwenye makaratasi "Chungwa la Jemadari", na huko barabarani marehemu akawa hapiti, askari wa usalama barabarani wanamsimamisha, si kwa kosa, wanataka kumpigia saluti, makondakta wanakataa nauli yake, wazee wanamshika mkono na kumwambia, baba, ulipoondoka nchi iliharibika, na yeye, mwalimu mstaafu mwenye mfuko wa mkate kwapani, hajui amjibu nani na kwa niaba ya nani.

Dada yake alikuwa ameiwekea tamthilia ile matumaini yake yote, siku ya kwanza alivaa gauni lake la kutokea, akaketi mbele ya televisheni wima kama aliyekwenda kutoa ushahidi, na katika sehemu ya tatu, lilipotokea lile tukio la watoto, alitazama hadi mwisho, akasikia majirani ukutani upande wa pili wanasema maskini, mtu mwema yule, akainuka, akaigeuza televisheni ikaangalia ukuta, na ikakaa hivyo, ikipigwa vumbi mgongoni, hadi ilipogawiwa. Kesho yake alikwenda kwa mdogo wake, hakuingia ndani, alisimama mlangoni akasema, "Nilikupa kidonda changu ukakionyeshe kwa watu, wewe umekwenda kukipaka sukari," na marehemu akaanza kueleza, kwamba hakukusudia, kwamba mambo yatabadilika huko mbele, kwamba sehemu bado ni nyingi, na dada yake akamwacha anaeleza, akaondoka.

Kuanzia hapo ndugu wawili waliokuwa wakipita njia moja kwa kidole kimoja walipitishiana salamu kwa mpwa, na mpwa huyo anawathibitishia kwamba kazi ya ubalozi ni ngumu, kwa sababu marehemu kila akituma kitu, iwe unga, iwe dawa ya presha, iwe kitambaa, dada alikipokea na kusema "Mwambie asante," na neno la pili hakuna, na marehemu kila siku aliuliza, "Amesema nini tena?" na mpwa hakuwa na kitu cha kuongeza, na siku moja alipojaribu kutia chumvi, akadai dada amesema amjulie hali, marehemu alimtazama akacheka kidogo akamwambia, "Wewe uigizaji hukuurithi."

Marehemu hakuwa mtu wa kujipaka mafuta, alijua amekosa, na alihangaika kurekebisha, kila wiki akimwomba mwongozaji waandike tukio la mwanamke mwenye mimba kwenye bustani, na kila wiki akiambiwa watu hawapendi, na jambo lililomfariji kwa muda mrefu, ingawa ni ajabu kulisema msibani, ni mama mmoja mzee aliyemkuta kwenye kituo cha basi akamtemea mate juu ya kiatu na kumwambia, "Mwanangu yuko wapi?" kwani alirudi nyumbani na kiatu kile bila kukifuta, akamwambia mkewe kwamba katika nchi nzima amepata mtazamaji mmoja aliyeelewa.

Oktoba 2011, zikiwa zimebaki sehemu mbili, walimkubalia. Tukio lilipigwa katika bustani ya nyumba ya kukodi, binti aliyeigiza kuwa yule mwanamke mwenye mimba alifungiwa mto tumboni, na karatasi waliyopewa ilisema mwanamke anapokea kipande, anakila, anatabasamu huku machozi yanamtoka, marehemu akasimamisha kazi mbele ya watu wote, akasema hakili, anakifumba mkononi, mwongozaji akamwambia mtazamaji atamchukia mwanamke anayekataa zawadi, wakabishana hadi jua likahama, mwishowe wakakubaliana kupiga namna zote mbili, na ilipofika siku ya kurushwa, iliyorushwa ni ile ya kula. Mwongozaji ametupa ruhusa kulisoma hili, amesema naye analikumbuka, na familia haikulisoma ili kumwaibisha siku ya leo, limesomwa kwa sababu ndilo lililommaliza marehemu nguvu, kwani hakuigiza tena televisheni, ingawa kwa miaka miwili, ada za watoto zilipombana, alikubali kuvaa ile sare kwenye harusi za watu na kuwamenyea machungwa maharusi, akirudi nyumbani anaitundika sare nyuma ya mlango wa stoo, analala pale pale kwenye kiti.

Machi 2021 marehemu alianza kupata maumivu ya koo na sauti kukwama, akapelekwa hospitali kuu, vipimo vikaonyesha saratani ya koo, akapasuliwa mwezi Mei, na sauti ile iliyotikisa sebule zenu ikabaki mnong'ono, tena wa shida, akalazwa mara ya pili Desemba mwaka huo, na hapo wodini habari zikaenea kwamba Jemadari yuko kitanda cha dirishani, wagonjwa wakajikokota kuja kumwona, na kila aliyemtembelea alileta machungwa, yakajaa kwenye kabati, yakajaa chini ya kitanda, mgonjwa asiyeweza kumeza hata uji anaishi katikati ya shehena.

Tarehe 16 Januari 2022, siku ya Jumapili, saa ya kuona wagonjwa, dada yake alikuja. Hakuna aliyemwita, wala hakuaga nyumbani anakwenda wapi. Alisimama miguuni pa kitanda, akayatazama yale machungwa kwa muda, akamtazama mdogo wake, mifupa mitupu, na marehemu akaanza kulia bila sauti, kwa kuwa sauti hakuwa nayo, dada akamwacha alie, kisha akachukua chungwa moja na kisu cha mke wa marehemu, aliyekuwa ameketi kando ya kitanda, akampa mdogo wake, akasema, "Menya."

Marehemu alitikisa kichwa kukataa, dada akasema tena, "Menya kama yeye, mimi nilikwenda kwake nikaomba, sikuuliza, sasa nataka kuuliza." Ndipo marehemu akajikaza, akaegemezwa mto, akainamisha kichwa namna ile, akaanza kumenya, ganda likakatika, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika sehemu zote za tamthilia, akaacha kumenya kwa aibu, dada akamwambia endelea, akaendelea, akabandua kipande, akamnyooshea. Dada hakukipokea. Alikuwa amesimama wima, mikono pembeni, mzee wa miaka sabini na moja, akamuuliza yule aliyekuwa kitandani, kwa sauti iliyosikika wodi nzima, "Mume wangu yuko wapi?"

Ndugu waombolezaji, Jemadari wa kwenye televisheni hakuwahi kukosa jibu, aliandikiwa majibu na watu watano, na mengi mnayajua kwa moyo, na marehemu alikuwa bado anayakumbuka yote, mke wake aliona midomo inaanza kupanga maneno, kisha ikaacha, marehemu akakiweka kile kipande kwenye kisahani, akainua macho, na macho hayo hayakuwa ya Jemadari tena, yalikuwa yake mwenyewe, akanong'ona, "Sijui, dada."

Dada alivuta kiti akaketi. Akasema, "Kumbe ni neno dogo hivyo," akaongeza kwamba kwa miaka arobaini na minne alikwenda ofisini, akaenda mahakamani, akaenda kwenye tume, akaambiwa atarudi, akaambiwa faili linatafutwa, akaambiwa asubiri, akaambiwa asahau, na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia hajui. Halafu akayakusanya machungwa yote, akampa muuguzi awagawie wagonjwa wanaoweza kumeza, akanawa mikono kwenye sinki la wodi, akarudi kukaa.

Familia haitaki kuwadanganya kwamba siku hiyo kila kitu kilikwisha, kwa sababu dada mwenyewe amesisitiza isomwe kwamba ile tamthilia hajaisamehe na hataisamehe, inarudiwa hadi leo na watoto wanaitazama, alichosema ni kwamba hiyo ni ya televisheni, na huyu ni mdogo wake. Alikuja kila siku tangu hapo, na katika siku hizo marehemu alitoa agizo lake kwa mnong'ono, likachukua karibu mchana mzima kueleweka, kwamba siku ya mazishi yake nusu ya nafasi apewe shemeji, asomwe alivyozaliwa, alivyosoma, alivyofanya kazi, alivyooa, kwa kuwa yeye, mwalimu wa historia, alisomesha watoto wa watu miaka ishirini na tisa na mtu huyo hakumsoma hata siku moja. Marehemu alifariki tarehe 11 Februari 2022, saa nane mchana, mke wake upande mmoja, dada yake upande wa pili, na muuguzi wa zamu ndiye aliyeona, wakati anamfunika, kwamba mkono wa marehemu ulikuwa umeshika kidole cha dada yake, kimoja tu, ikabidi wausubiri ulegee wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, walimu wenzake na wanafunzi wake waliochangia na kushinda nasi hapa, majirani mliotupikia tangu Ijumaa, wasanii, na wewe mama mwongozaji. Wazee wenye sare, mmetuma ombi la kupiga saluti kaburini, familia imelijadili na jibu ni hapana, tunawaomba mkae pamoja nasi, mle chakula, mmzike mwalimu.

Mjomba, Kidole wa safu ya tatu, sare umeivua, maneno ya watu umewarudishia, sasa pumzika kwa amani. Na kwako wewe fundi wa breki, uliyesomwa leo kwa mara ya kwanza, mkeo ametukataza kukuambia upumzike, anasema wewe hakuna aliyemwambia umekufa, ametutuma tukuambie hivi tu, chakula chako kimefunikwa.